Nimetoa masega, taa ya injini haizimiki: ninunue sensa mpya?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Subaru Forester ya 2009, injini ya lita 2 isiyo na tabo, nipo Dar es Salaam. Gari lilikuwa zito, hasa kwenye mlima, na fundi wa ekzosti akaniambia masega, kile kifaa cha ndani ya ekzosti kinachosafisha moshi, yameziba. Akayakata, akaunga bomba tupu na kuniwekea sailensa kubwa nyuma. Siku chache baadaye ikawaka taa ya injini pamoja na ile ya gari kuteleza, na ya kruzi (mfumo wa kushikilia mwendo) inapepesa. Mashine ya kupimia ikatoa namba za hitilafu P0420 na P0171. Wameshafuta mara mbili, zinarudi. Gari linakula mafuta kuliko zamani, na asubuhi nasikia harufu ya moshi ndani. Mmoja ananishauri ninunue sensa zote mbili za oksijeni, wa pili anataka kuweka kipande cha kuinua sensa ya nyuma, wa tatu anasema tutoe tu balbu ya taa. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Tena kabla hatujafika kwenye taa, tuanze na hilo ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo. Harufu ya moshi ndani ya gari maana yake kuna mahali bomba linavuja, na moshi wa petroli ambao haujapita kwenye masega una kaboni monoksidi nyingi. Gesi hiyo yenyewe haina rangi wala harufu. Unachonusa ni vitu vingine vilivyoambatana nayo. Ukianza kuumwa kichwa au kusikia usingizi ukiwa kwenye foleni, huenda si uchovu. Mpaka uvujaji upatikane, endesha vioo vikiwa wazi, na usimwache mtu, hasa mtoto, amekaa ndani injini ikiunguruma mahali gari limesimama.

Sasa taa. Hakuna namba hata moja kati ya hizo mbili inayosema sensa yako imekufa. P0171 inasema kompyuta inaona hewa imezidi na petroli imepungua kwenye mchanganyiko. P0420 inasema masega hayafanyi kazi yake. Sensa ndizo zilizotoa taarifa, na kwa jinsi ulivyoeleza, zote mbili huenda zinasema kweli kabisa. Ukinunua mpya zitatoa taarifa ileile, na pesa zako zimekwenda.

Gari lako lina sensa mbili. Ya mbele ipo kabla ya masega, karibu na pale mabomba ya pande mbili za injini yanapokutana. Hiyo ndiyo inayoongoza mafuta: inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Ya nyuma ipo baada ya masega. Kazi yake kubwa ni kuyakagua masega yenyewe. Kwa nje zinafanana, hata uzi wake wa kufungia ni uleule wa milimita 18, lakini kwenye Subaru za umri huo ya mbele ni ya aina nyingine kabisa inayopima kwa upana zaidi. Usikubali mtu akuhamishie ya nyuma kuja mbele “kwa kujaribu”.

Tuichukue P0171 kwanza, kwa sababu ndiyo inayokula mafuta yako.

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha ndani ya bomba hushuka, wakati mwingine chini ya hewa ya nje. Kukiwa na ufa au gasketi mbovu kabla ya sensa hiyo ya mbele, pigo likipita moshi unatoka nje, na presha ikishuka hewa safi inanyonywa ndani. Hewa hiyo ina oksijeni. Sensa inaiona, inaripoti kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaamini na kuongeza petroli. Injini yenyewe haikuwa na njaa. Ndiyo maana unapata vitu viwili vinavyoonekana kupingana: mashine inasema petroli imepungua, huku gari linakunywa kuliko zamani.

Kwa injini yako mahali pa kwanza pa kutazama ni pale mabomba yanapofungwa kwenye vichwa vya injini, kushoto na kulia. Pana gasketi za chuma, na zikishafunguliwa mara moja hazitakiwi kurudishwa. Mafundi wengi huzirudisha hivyohivyo, au hujaza silikoni ya kawaida ya gasketi. Silikoni hiyo ni tatizo la pili juu ya la kwanza: nyingi hutoa mvuke unaoganda kwenye ncha ya sensa na kuiua polepole. Kama bomba lako limepakwa silikoni kabla ya sensa, iondolewe na ziwekwe gasketi mpya. Na fundi asikaze boliti kwa hasira, maana zimeingia kwenye alumini na uzi ukitoka hapo kazi inakuwa kubwa.

Pa pili ni kila mahali palipochomelewa. Mtafutie fundi nafasi asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu bomba likipata moto chuma hutanuka na ufa mdogo hujifunga. Gari liinuliwe na kuwekewa stendi imara, kamwe lisibaki juu ya jeki peke yake. Injini iwashwe, mtu mmoja azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kinene chenye maji kwa sekunde chache, mwingine asikilize huku chini. Utasikia “chs, chs, chs” ikifuata mapigo ya injini. Bomba likiwa bado vuguvugu, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio na uone povu linapotokea. Ukikuta alama nyeusi ya masizi imetapakaa kama manyoya pembeni mwa ungio, hapo hapahitaji ushahidi mwingine. Weld ya ekzosti inaweza kupendeza juu na bado ikawa na vitundu upande wa ndani uliotazama sakafu ya gari, ambao fundi hakuufikia vizuri kwa sababu alichomelea bomba likiwa limefungwa. Hapo ndipo pa kupitisha kidole na kioo kidogo.

Kabla ya kuziba na baada ya kuziba, pima. Kuna vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na sensa moja, na hata kama hutaki kununua, fundi umeme yeyote anacho. Tafuta palipoandikwa LTFT, yaani marekebisho ya muda mrefu ya petroli kwa asilimia. Injini ikiwa na moto wake wa kawaida, namba kati ya 5 chini na 5 juu ya sifuri ni nzuri, na hata 10 bado haitishi. Ikifika 20 kwenda juu, kompyuta inamwaga petroli ya ziada na iko karibu kuwasha P0171 au imeshaiwasha. Soma injini ikiwa imetulia, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Kama kasoro ni kubwa ikiwa imetulia na inapungua ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia: uvujaji wa ekzosti au mpira wa hewa uliopasuka upande wa juu wa injini. Kama inazidi kadiri unavyokanyaga, shuku pampu ya mafuta, chujio la mafuta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Kwa kuwa yako ilianza baada tu ya kazi ya bomba, mimi ningeanzia kwenye bomba.

Ukiziba na namba hiyo ikarudi karibu na sifuri, sensa ya mbele umeisafishia jina. Usiinunue.

P0420 ni hadithi nyingine, na hapa nitakuwa wazi. Masega yakiwa mazima hutunza oksijeni na kuitumia, kwa hiyo sensa ya nyuma huona moshi uliotulia: voti yake hukaa karibu 0.6 au 0.7 bila kucheza sana. Masega yakifa au yakitolewa, ya nyuma inaanza kupanda na kushuka, 0.1, 0.8, 0.2, 0.9, kwa sababu inaona moshi uleule wa mbele. Kompyuta inalinganisha na kuandika P0420. Kwako masega hayapo. Namba hiyo ni sahihi, na itaendelea kuwa sahihi hata ukiweka sensa ya dhahabu.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kwa nini wakifuta inapotea kisha inarudi. Kipimo hiki hakifanyiki kila dakika. Kompyuta inasubiri injini ipate moto, gari liende kwa mwendo uliotulia kwa muda, na kwa kawaida inataka kosa lionekane katika safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa. Kwa foleni za Dar safari ya namna hiyo inaweza kuchelewa siku kadhaa. Fundi anayefuta na kukukabidhi gari hajatengeneza kitu. Na hizo taa nyingine mbili usiziogope: Subaru nyingi za miaka hiyo, taa ya injini ikiwaka, huzima kruzi na mfumo wa kuzuia kuteleza kwa tahadhari. Kosa la msingi likiondoka, zote hurudi zenyewe.

Hapo ndipo ushauri wa kutoa balbu unapokuwa wa hatari. Balbu ikitoka, mfumo wa kuzuia kuteleza unabaki umezimwa na wewe huna habari. Siku koili ya kuwashia plagi ikifa na injini ikaanza kukosa moto, taa ambayo ingepepesa kukuambia upunguze mwendo haitakuwepo. Taa moja inabeba habari za vitu vingi kuliko masega.

Kile kipande cha kuinua sensa nakifahamu vizuri. Kinaisogeza ncha ya sensa nje ya mkondo wa moshi ili ione mabadiliko kidogo, na kompyuta idhani masega yapo. Mara nyingine taa inazimika kweli. Mara nyingine sensa inapoa na kuchelewa kujibu, inatokea namba mpya, P0139 kwa mfano, na unaanza upya. Lakini hata pale kinapofanikiwa, sikipendekezi kwa gari la barabarani. Moshi unabaki mchafu kwa watu wote walio nyuma yako, wa bodaboda wakiwa wa kwanza, na wewe umelipa ili usijue. Marekani kuchezea mfumo huu ni kosa la kisheria chini ya sheria yao ya hewa safi. Kwetu, kutokukamatwa hakuubadilishi moshi.

Najua kuna imani kwamba masega “si ya Afrika”. Zamani ilikuwa na msingi. Petroli yetu ilikuwa na risasi (metali ya ledi), na risasi huua masega kabisa. Lakini nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Gari lako limetengenezwa 2009; halijawahi kuihitaji wala kuinywa. Sababu nyingine ya watu kuyakata kwa hamu haisemwi sana kwa mteja: ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na masega yaliyotumika yana soko. Kwa hiyo mrudie aliyeyakata, kwa upole, muulize yako wapi. Ni mali yako. Kama bado yapo na hayajavunjika, huenda nusu ya tatizo imekwisha.

Na je, kweli yalikuwa yameziba? Hilo lilitakiwa kupimwa kabla ya kukata. Sensa ya mbele inatolewa, kwenye tundu lake inafungwa geji ya presha. Injini ikiwa imetulia, presha isizidi kama psi 1.5, kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Ikipita hapo, njia imeziba. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Gari zito mlimani linaweza kuwa na plagi zilizochoka, pampu dhaifu, chujio la hewa lililojaa vumbi. Jiulize: baada ya kukata, wepesi ulirudi kweli, au ni mlio tu umebadilika? Kwenye injini ya lita 2 isiyo na tabo, kutoa masega mazima hakuongezi nguvu ya kujivunia, na bomba pana kupita kiasi linaweza hata kupunguza mvuto wa chini, ule unaouhitaji ukiondoka kwenye taa za barabarani.

Kama yalikuwa yameziba kweli, basi kuna kilichoyaziba, na bado kipo. Masega hayazibi kwa uzee tu. Injini ikikosa moto, petroli mbichi inaungulia ndani yake na kuyayeyusha. Injini ikila oili, majivu yake yanaziba vitundu. Kabla ya kununua mengine toa plagi zote nne uzitazame, pima koili, na angalia oili yako inapungua kiasi gani kati ya sevisi na sevisi. Ukiweka masega mapya kwenye injini yenye kasoro hizo, au kabla ya kuziba ule uvujaji unaoifanya kompyuta imwage petroli, utayachoma haya nayo.

Mengine unapata wapi? Chaguo langu la kwanza ni ya asili ya gari hilohilo, yaliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani, kwa sharti uyamulike kwa tochi upande mmoja na uone mwanga upande wa pili kupitia vitundu vidogo vilivyonyooka, na ukiyatikisa yasilie. La pili ni masega ya kuchomelea yanayouzwa bila kuwa ya gari maalumu. Hapa uliza idadi ya vitundu kwa inchi moja ya mraba. Ya kiwandani mara nyingi huwa 400 hadi 600. Yale ya “kupumua haraka” huwa 200 au 300, na kwenye 200 taa ya P0420 inaweza kuwaka vilevile ingawa umeweka masega halali. Mimi ningechukua 400. Yawekwe palepale yalipokuwa ya kwanza, karibu na injini, kwa sababu hayaanzi kazi mpaka yapate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi. Nimeona yamechomelewa chini ya kiti cha nyuma kwa kuwa “hapo kuna nafasi”. Huko moshi unafika umeshapoa, na mteja analipa kwa pambo.

Sasa kuna hali ambayo sensa inaweza kuwa imeumia kweli, na kwa kuwa gari lako limepita kwenye mikono ya mchomeleaji, ikague. Ukiona namba P0031, P0037, P0135 au P0141, hizo zinahusu hita iliyo ndani ya sensa au waya wake. Kwanza fuata waya kwa macho kutoka kwenye sensa hadi soketi. Mara nyingi sana ukiisogeza sensa au kubadili njia ya bomba, waya unaachwa ukining'inia, unagusa bomba, na ganda linayeyuka. Kisha angalia fyuzi. Kisha chomoa soketi, weka mita kwenye nyaya mbili zenye rangi moja, ambazo kwa kawaida ndizo za hita. Sensa ikiwa baridi utasoma ohmu chache, kati ya 2 na 15 kutegemea aina. Mita isiposoma kitu, hita imekatika, na hapo kununua sensa ni haki.

Waya ukihitaji kurefushwa, usitiwe risasi ya kuchomea wala grisi. Sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya wake. Ukizijaza risasi, inakosa hewa hiyo na kusoma uongo. Ungio la kubana ndilo sahihi, likifunikwa vizuri. Kama tundu la sensa linachomelewa upya, liwe upande wa juu wa bomba, ncha ikielekea chini kidogo, ili maji ya asubuhi yasikae kwenye kauri na kuipasua. Na kila anapokuja mtu na mashine ya weld: betri ichomolewe hasi, soketi za sensa zichomolewe, sensa zenyewe zitolewe, na waya wa ardhi ubanwe karibu na pale anapochomelea. Mwambie kabla hajawasha mashine, kwa heshima lakini bila kusita.

Kwa hiyo mtiririko wa pesa zako uwe huu: gasketi na weld kwanza, kisha plagi au chochote kilichoyachoma masega ya zamani, kisha masega. Sensa hazimo mpaka zipimwe na kushindwa. Ukimaliza, futa namba mara moja, halafu toa gari nje ya foleni, mathalani barabara ya Bagamoyo alfajiri, uendeshe kwa mwendo uliotulia wa kama kilomita 80 kwa saa kwa dakika 20 hivi. Zima gari lipoe kabisa, na kesho yake rudia. Safari ya pili ikiisha, fungua simu utazame LTFT na voti ya sensa ya nyuma. Ukiona ya kwanza iko chini ya 10 na ya pili imetulia juu ya 0.6, unaweza kumrudishia fundi mashine yake. Ukiona voti bado inacheza, niandikie na unitajie namba zote mbili, ukieleza pia masega uliyoweka ni ya vitundu vingapi na yako umbali gani kutoka kwenye injini.